Masizi ya Pikapu na Sheria Isiyo na Pua

Yeyote aliyewahi kusimama kando ya Barabara ya Haile Selassie alfajiri, pikapu za mboga zikigombea nafasi ya kuingia Soko la Wakulima, ambalo wakazi wa Nairobi wamelizoea kwa jina la Marikiti, anaujua moshi ninaonuia kuuzungumzia katika makala haya. Ni moshi mzito, mweusi tititi, unaofoka dereva anapokanyaga mafuta, kisha ukatambaa chini chini kwa kimo cha mchuuzi aliyeketi na kapu lake la nyanya. Dereva haoni kitu. Moshi wake ameuacha nyuma.

Nakiri mapema kwamba mimi mwenyewe si msafi katika kesi hii. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mjomba wangu alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, nasi tukiisindikiza sukumawiki kutoka upande wa Kikuyu, kupitia Kangemi na Westlands, hadi katikati ya jiji. Wakati wa kurudi, gari likiwa tupu, tulipofika mwinuko wa Museum Hill mimi na binamu yangu tulikuwa tukikaa nyuma na kushindana kuhesabu magari yaliyomezwa na wingu letu. Tuliuona moshi ule kuwa ushahidi wa nguvu za injini. Mjomba naye, alipoambiwa na fundi kwamba nozeli zimechoka, alijibu kwamba gari lisilotoa moshi halivuti. Imani hiyo bado i hai barabarani, na wala haishikiliwi na watu wasiosoma pekee.

Hoja yangu ni moja. Kila pikapu ya dizeli, iwe ya biashara au ya mtu binafsi, inastahili kupimwa moshi wake kwa mtambo, mara kwa mara, na upimaji huo utazame bomba la moshi badala ya kutazama daftari la usajili. Aidha, majibu ya kipimo hicho yaandikwe kwa lugha ambayo mwenye gari na fundi wake wanaielewa.

Naomba msomaji aniwie radhi nikianza na neno, maana jarida hili ni la wanaoyatunza maneno. Katika taarifa nyingi za mazingira zinazotolewa kwa Kiswahili tunakutana na 'gesi chafu', 'hewa chafu' au 'gesi za sumu'. Madhara yote ya dizeli hutiwa katika kapu hilo moja. Ni kweli kwamba injini ya dizeli hutoa gesi, na baadhi yake, kama vile oksidi za nitrojeni, hazionekani kwa macho ilhali zinaumiza. Hata hivyo, kile cheusi kinachotoka kwenye bomba la pikapu kuukuu hakiwezi kuitwa gesi. Ni chembechembe za kaboni zilizoungua nusunusu, na Kiswahili kimekuwa na jina lake tangu enzi za mafiga: masizi. Kila aliyewahi kusugua sufuria kwa majivu anayajua. Anajua yanavyoganda, yanavyopenya kwenye mikunjo ya vidole, na jinsi maji matupu yasivyoyaweza. Mwambie mama anayechoma mahindi kule Kawangware kwamba magari yanatoa gesi chafu, naye ataitikia kwa adabu tu. Mwambie kwamba magari yanampaka masizi ndani ya mapafu, na hutakuwa na haja ya kufafanua zaidi.

Masizi hayo si suala la usafi wa nguo. Mnamo Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Katika kundi hilo umo pia moshi wa tumbaku. Sigara tumeipiga marufuku katika maeneo ya umma nchini Kenya, na mvutaji akikamatwa katikati ya jiji hushtakiwa. Pikapu inayovuta na kupuliza kwa niaba ya mvutaji elfu moja hupita papo hapo mbele ya askari.

Je, hali ya jiji letu ikoje? Mnamo Julai 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani walipima chembechembe laini, zile zisizozidi mikromita 2.5, ambazo ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Mashambani, nje ya jiji, walipata wastani wa mikrogramu 10.7 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa wakati wa mchana. Kwenye njia ya waendao kwa miguu katikati ya jiji walipata 98.1. Kisha walifanya jambo lililonigusa zaidi: walianzia kwenye njiapanda moja kubwa, wakapima wakielekea upande upepo unakovuma. Katika umbali wa mita 100 tu, chembechembe hizo zilishuka kutoka 128.7 hadi 18.7.

Tuitafakari hiyo mita 100. Mwenye nyumba iliyozungukwa na miti kule Lavington, ambaye lango lake liko mbali na barabara kuu, anaishi katika hewa nyingine kabisa na ile ya mchuuzi wa Kangemi ambaye kibanda chake kimepakana na Barabara ya Waiyaki. Wote wawili ni wakazi wa magharibi ya Nairobi, na yamkini wote hula mboga zilizoletwa na pikapu ile ile. Gharama ya moshi inalipwa na aliye karibu na bomba: mchuuzi, askari wa trafiki, utingo, mwanafunzi anayesubiri matatu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye kuleta afya. Haikusema kwamba haki hiyo huanzia mita 100 kutoka barabarani.

Sitaki nieleweke vibaya. Pikapu za dizeli si mkosaji wa pekee. Kuna matatu, malori, vumbi la ujenzi, na taka zinazochomwa mitaani. Lakini pikapu ina hali ya kipekee kisheria, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Kenya haijakosa sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa 1999. Kanuni za kudhibiti moshi wa mafuta zilifuata 2006, na Kanuni za Ubora wa Hewa zikatangazwa 2014. Shirika la Ubora wa Bidhaa lina kiwango chake cha ukaguzi wa magari kilichotolewa mara ya kwanza 2000, kiwango kile kile kinachojulikana na wengi kwa sababu ya kuzuia magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini. Kaunti ya Jiji la Nairobi nayo ilijiandikia mpango wa ubora wa hewa wa 2019 hadi 2023. Kazi ya ukaguzi, iliyokuwa mikononi mwa polisi, ilihamishiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Karatasi, kwa hiyo, zimejaa kabati.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, ukaguzi wa kila mwaka umekuwa mzigo wa magari ya abiria na ya biashara. Gari la mtu binafsi liliachwa lizeeke kwa amani. Na hapo ndipo pikapu inapozua ubishi. Je, pikapu ni gari la biashara kwa sababu ya umbo lake, au kwa sababu ya kazi yake? Mwalimu anayeitumia kwendea kazini na kubebea nyasi za ng'ombe wake mmoja jioni hulalamika kwamba anahesabiwa mfanyabiashara kwa kosa la kuwa na karandinga nyuma ya kiti. Mwenye pikapu kubwa ya milango minne, ya bei ya nyumba, naye husisitiza kwamba lake ni gari la familia. Mabishano haya yote yanahusu usajili. Mapafu ya mchuuzi hayasomi usajili. Injini ya dizeli iliyochakaa hutoa masizi yale yale ikiwa imebeba kabichi za kuuza au watoto wa kwenda kanisani.

Mnamo 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari ambayo ilipendekeza kwamba hata magari ya watu binafsi yaliyopita miaka minne tangu kuundwa yafanyiwe ukaguzi. Kelele zilizopigwa dhidi ya pendekezo hilo zilikuwa kubwa, na nyingi zilihusu ada na rushwa. Hayo ni malalamiko ya haki, nami nitayarudia. Ila ni wachache mno waliouliza swali la moshi.

Ili tulijadili swali hilo kwa busara, yafaa tujue kipimo chenyewe. Injini ya dizeli hupimwa ikiwa imepata moto, gia ikiwa huru. Kifaa hutiwa ndani ya bomba, kisha dereva hukanyaga mafuta ghafla hadi mwisho na kuachia. Moshi unaotoka hupitishwa mbele ya mwangaza, na mtambo hupima mwangaza uliozuiwa. Zoezi hurudiwa mara kadhaa, ikapatikana nambari moja. Nambari ikiwa kubwa, moshi ni mweusi zaidi. Katika nchi za Muungano wa Ulaya injini kongwe isiyo na tabo huruhusiwa kufika 2.5, yenye tabo 3.0, na magari ya karibuni chini ya hapo. Zoezi lote halichukui muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai.

Nambari hiyo ina maana kwa fundi. Moshi mweusi humwambia kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa: nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, chujio la hewa limeziba, au pampu imefunguliwa kupita kiasi. Moshi wa buluu humwambia kwamba oili inaungua, pengine ringi za pistoni zimekwisha. Haya mafundi wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, wanayajua bila kufunzwa na mtu yeyote wa chuo kikuu. Wanachokosa ni mteja mwenye sababu ya kuyatengeneza.

Nairobi ina jambo lingine ambalo sheria za kunakili haziwezi kuliona. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la Mombasa. Injini isiyo na tabo iliyopimiwa mafuta yake pwani itakosa hewa ya kutosha ikifika Westlands, na mafuta yaliyozidi yatageuka masizi. Fundi hodari huipunguza pampu kidogo. Mwenye gari, kama mjomba, huona kwamba ameibiwa nguvu, na kesho yake huomba ifunguliwe tena. Wataalamu wetu wana kazi hapa: kiwango cha Nairobi kinapaswa kuwekwa kwa kupima injini za Nairobi, kisiwe tarakimu iliyookotwa kwenye kitabu cha Brussels.

Wapo wanaosema kwamba kulisafisha jiji ni ndoto katika nchi maskini. Historia ya karibuni inawakanusha. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya na katika nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, kufuatia azimio lililopitishwa Dakar mwaka 2001. Wengi waliogopa kwamba magari yao makuukuu yangekufa. Hayakufa. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilisimamisha kazi yake 2013, na kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, hatua iliyomuumiza pia mama mwenye jiko la stovu, jambo ambalo sijalisamehe. Hata hivyo, mafuta yalisafishwa. Injini ndiyo iliyobaki, na dizeli safi haiziponyi nozeli zilizochoka.

Tokyo inatupa mfano mwingine. Mnamo 1999 gavana wa jiji hilo, Ishihara Shintaro, alianza kampeni dhidi ya magari ya dizeli, akawa akijitokeza hadharani na chupa ya plastiki yenye masizi meusi yaliyokusanywa kutoka kwenye moshi wa magari. Aliitikisa mbele ya waandishi wa habari. Gavana huyo alikuwa na maoni mengi ambayo nisingeyatetea, lakini chupa ile ilifanya kazi ambayo ripoti nyingi hazikuifanya. Kuanzia Oktoba 2003 magari ya dizeli ya mizigo na mabasi yasiyofikia kiwango yalipigwa marufuku Tokyo na katika maeneo jirani. Hapa kwetu, ambako sehemu kubwa ya magari yaliyotumika hutoka Japani, yafaa tujiulize gari lililokataliwa na pua ya mwingine huishia wapi.

Narudi kwenye malalamiko. Ada ni hoja nzito. Mkulima wa Kikuyu mwenye pikapu ya miaka ishirini hawezi kutozwa sawa na mwenye gari la milioni kadhaa, na anayefeli kipimo kwa mara ya kwanza apewe muda wa kwenda kwa fundi kabla ya kutozwa faini. Kuhusu rushwa, nadhani waliopiga kelele wana haki kwa nusu. Moshi unaohukumiwa kwa jicho la askari barabarani ni mlango wazi wa kitu kidogo, kwa kuwa hakuna anayeweza kubisha kwamba wingu fulani lilikuwa jeusi kiasi au halikuwa. Mtambo unaotoa nambari humpa dereva mnyonge silaha: anaweza kudai apimwe tena. Lakini mtambo nao hudanganywa. Mwaka 2015 iligunduliwa nchini Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kwamba gari linapimwa, likawa safi kwa muda huo tu. Sisi hatuhitaji programu. Nani hajasikia habari za magurudumu ya kukodi kwa ajili ya siku ya ukaguzi? Pampu nayo hukazwa leo na kufunguliwa kesho kwa bisibisi moja. Kwa hiyo, kipimo cha kituoni kiandamane na vipimo vya kushtukiza barabarani, kwa mtambo ule ule, kwa mfano kwenye mwinuko wa Museum Hill, ambako injini haiwezi kujificha.

Linabaki suala la lugha, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili si dogo. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kanuni nilizozitaja hapo juu zimeandikwa kwa Kiingereza, na cha wanasheria. Fundi wa Kirinyaga anayetarajiwa kurekebisha injini ili ifikie kiwango hajapewa kiwango hicho kwa lugha anayoitumia akiinama chini ya boneti. Mwenye gari hupewa karatasi yenye vifupisho. Nafikiria karatasi tofauti: nambari ya masizi iliyopatikana, nambari inayoruhusiwa, kisha mistari mitatu ya Kiswahili cha kawaida inayosema huenda tatizo liko kwenye nozeli, kwenye chujio au kwenye pampu. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi wa idara zetu kwa muhula mmoja wakikaa na mafundi. Maneno tayari yapo gereji. Tunachohitaji ni unyenyekevu wa kwenda kuyasikiliza.

Mjomba hatimaye alibadilisha nozeli. Kwa juma zima alinung'unika kwamba gari limelegea. Baada ya mwezi alikuja na habari nyingine: safari ya Marikiti ilikuwa inakula dizeli kidogo kuliko awali, kwani yale tuliyokuwa tukiyahesabu nyuma ya gari mimi na binamu yangu yalikuwa mafuta yake yaliyokosa kuungua, aliyoyanunua kwa fedha zake. Hakuna aliyekuwa amempa nambari yoyote. Aliligundua kwa mfuko wake, miaka kadhaa baada ya fundi kumwambia, na katika miaka hiyo tulipita Kangemi kila alfajiri ya siku ya soko.

Rasimu ya 2025 ikitafsiriwa siku moja, namwomba atakayekabidhiwa kazi hiyo, na huenda akawa mmoja wetu, asiandike 'gesi chafu' pale panapohusu dizeli. Aandike masizi.